Wasomaji Wananiambia "Tuko Pamoja", Nami Najificha

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 29, ninaishi Malaba, upande wetu huu wa Uganda. Mchana mimi ni karani kwa wakala wa forodha: najaza fomu, nahakiki namba za sili za makontena, napokea makelele ya madereva na ya bosi kwa zamu. Usiku nachora. Nachora hadithi ya picha kwa Kiswahili, na watu wanaisoma kwenye simu.

Ilianza wakati wa korona. Bila shaka unakumbuka mwaka 2020 malori yalivyolala hapa mpakani. Dereva havuki mpaka majibu ya kipimo yatoke, na majibu yenyewe yalitoka yalipotaka. Foleni ikatambaa kilomita kwa kilomita ndani ya Kenya. Watu walipikia chini ya trela, walifulia hapo, walinyoana hapo hapo. Mimi nikizunguka yadi na mafaili ya ofisi nikaanza kuchora ninachokiona, nyuma ya fomu zilizoharibika. Ijumaa tarehe 1 Mei nikapiga picha ukurasa mmoja, nikawatumia madereva watatu ninaowajua. Taniboi, msaidizi wa dereva, ameachwa peke yake na lori. Dereva wake ameshuka kununua sigara na hajarudi. Trela limefungwa sili, hakuna anayejua ndani mna nini. Basi, hiyo tu. Jioni ile ukurasa ulikuwa umeshafika Naluwerere, kule malori yanakolala karibu na Bugiri, na kesho yake mtu nisiyemjua akanipigia kutoka Mombasa kuuliza dereva kaenda wapi. Nilikuwa sijui. Nikachora ukurasa wa pili ili nijue.

Tangu siku hiyo ikawa ukurasa mmoja kila Ijumaa. Nachora kwa penseli kwenye karatasi ya A4, napitisha wino, napiga picha, halafu natia rangi kwenye simu kwa programu ya ibisPaint, kwa kidole. Mpaka tarehe 20 Septemba 2024 nilikuwa nimefikisha kurasa 216. Katika miaka yote hiyo nilikosa Ijumaa kumi na nne tu, na moja si kosa langu: tarehe 15 Januari 2021 intaneti ilikuwa imezimwa nchi nzima kwa ajili ya uchaguzi. Baada ya hapo Facebook ikabaki imefungwa kwetu, nikahamia makundi ya WhatsApp. Wasomaji wangu wengi ni madereva, mataniboi, wake zao, mama lishe wa barabarani, na watoto wa sekondari wa Tororo na Busia. Wapo mpaka Goma.

Mwezi wa tatu mwaka jana mkono wa kulia ukaanza kufa ganzi. Kidole gumba, cha shahada na cha kati. Naamka usiku nakung'uta mkono kama mtu aliyeshika maji. Nikaendelea kuchora hivyo hivyo. Mwezi wa nane wasomaji wakaomba kitabu cha kushika mkononi, watu 43 wakatanguliza shilingi 20,000 kila mmoja ili nikachapishe Kampala, ile hela ikaingia kwenye karo ya mdogo wangu wa S5, kidato cha tano, nitairudisha nikipata. Basi mkono ukazidi, ofisini wakapunguza watu nikabaki na kazi ya watu wawili, mama naye akaugua. Ijumaa tarehe 27 Septemba nikaandika: "Samahani jamani, Ijumaa ijayo."

Shangazi, nimeandika "Ijumaa ijayo" mara kumi na moja. Ya mwisho ilikuwa tarehe 6 Desemba. Baada ya hapo nikanyamaza. Sasa ni mwezi wa tano.

Kama wangenitukana ningepumua. Hawatukani. Wananiandikia: "Dada usiwe na presha, sisi tuko." "Mungu akupe nguvu, tutasubiri hata mwaka." Mmoja ananitumia vocha kila mwisho wa mwezi, sijawahi hata kumwambia asante. Dereva wa Mwanza alimpa taniboi wake furushi la dagaa aniletee ofisini, na nilipomwona mlangoni akiuliza "yule dada wa katuni yuko?" niliingia stoo nikakaa juu ya maboksi mpaka akaondoka. Dagaa nilikula. Mwingine aliandika: "Ule ukurasa taniboi anapochemsha chai kwa moto wa kipande cha paleti, nilimpigia mke wangu nikiwa Eldoret, nilikuwa sijampigia wiki mbili." Nilipousoma ujumbe huo nilizima simu siku tatu.

Halafu mwezi uliopita nikaletewa bahasha. Ndani mna karatasi ya dilivari, na nyuma yake dereva mmoja amechora ukurasa wa 217. Kwa bolpeni. Taniboi ana kichwa kikubwa kama tikiti maji na mikono yake haina viwiko. Amemchorea dereva anarudi na pakiti ya sigara, anasema: "Pole, nilichelewa." Chini ameandika: "Dada nimekusaidia kidogo, uendelee hapo." Nilicheka, halafu nikakasirika sana, halafu nikalia, na sijui kati ya hayo matatu lipi ndilo langu.

Mama anasema niachane nayo. Anasema Kiswahili ni lugha ya askari na wezi, ningechora kwa Kiingereza ningekuwa nimeshapata kazi ya maana. Mimi nakuuliza wewe: niwaage wasomaji moja kwa moja? Au niombe radhi kwa mara ya kumi na mbili na niwape tarehe ya kweli? Nikiona simu inawaka moyo unaruka.

Mchoraji wa Foleni,
Malaba


Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu nilikuwa na kalenda mkononi.

Unasema mkono ulianza kukuuma mwezi wa tatu. Machi, Aprili, Mei, Juni, Julai, Agosti, umechora. Kwa ganzi hiyo hiyo, kwa kuamka usiku, Ijumaa kwa Ijumaa. Kazi ofisini imekuwa nyingi tangu upate kazi hiyo, na wazazi wetu huugua kila mwaka. Nikajiuliza, mwishoni mwa Septemba kulitokea nini hata kalamu ikaanguka? Muhula wa tatu hufunguliwa Septemba. Karo hulipwa Septemba. Umeniandikia barua ndefu nzuri yenye foleni na chai na dagaa, na katikati yake umepenyeza mstari mmoja kuhusu hela za watu 43, haraka haraka, bila hata nukta ya kupumzikia, kama mtu anayepita mbele ya duka analodaiwa.

43 mara 20,000 ni 860,000. Nimekufanyia hesabu kwa sababu wewe hukuiandika.

Sikuiti mwizi. Dada mkubwa anayeona mdogo wake wa S5 anarudishwa getini, na kwenye simu mna laki nane, atafanya ulichofanya. Mimi ningefanya, na mwaka mmoja nilifanya jambo la aina hiyo, ila si la kusimulia hapa. Ninachotaka ukione ni kwamba tangu siku hiyo kila ukurasa mpya ungekuwa ni kujitokeza mbele ya watu 43 wanaoweza kukuuliza, "Na kitabu?" Ndiyo maana ukurasa wa 217 umekuwa mzito kuliko 216 zilizotangulia. Na ndiyo maana huruma yao inakuchoma. Wanakusamehe kuchelewa, nawe unajua si kuchelewa unakokuogopa. Msamaha unapelekwa nyumba ambayo huishi.

Kwa hiyo hebu tuzitenganishe hela, maana umezifunga zote kwenye leso moja. Vocha ya mwisho wa mwezi ni zawadi. Dagaa ni zawadi, na umefanya vizuri kuwala, wangeoza. Aliyekupa zawadi hakudai, na ukimrudishia utamvunjia heshima. Yeye anahitaji neno "asante", na hilo una deni nalo, lakini ni deni la dakika moja. Zile 860,000 ni jambo jingine. Ni malipo ya kitu kilichotajwa, kwa bei iliyotajwa. Hizo zinarudi, au kitabu kinatoka. Hakuna "tuko pamoja" inayozifuta mpaka mwenye hela aseme mwenyewe, akijua zilikwenda wapi.

Wiki hii, kabla ya penseli, ingia kwenye historia ya mobile mani yako uwaandike wale 43 kwenye daftari: jina, namba, tarehe, kiasi. Kisha mwandikie kila mmoja peke yake. Usiandike kundini. Kundini utapata wa kukutetea kabla hata hujamaliza kusema, na utetezi huo utakurudisha palepale ulipo. Andika kitu kama hiki, kwa maneno yako:

"Ndugu yangu, mwezi wa nane mwaka jana ulinitumia 20,000 ya kitabu. Kitabu sikukichapisha. Hela niliitumia kwa shida ya nyumbani bila kukuuliza, na nikanyamaza. Nakurudishia, zamu yako ni wiki ya tarehe fulani. Ukipenda kusubiri kitabu badala ya hela, niambie. Usiponiambia, narudisha hela."

Mkono usiuweke humo. Mama usimweke humo. Ni kweli vinauma, lakini ukivitaja mtu atajibu "pole" badala ya kujibu kuhusu hela yake.

Kuhusu zamu: sijui mshahara wako, lakini karani akijibana anaweza kurudisha watu wawili kwa wiki, yaani 40,000. Watu 43 wanaisha katika wiki 22. Anza na walionyamaza, maana wanaokuandikia kila siku wana namna ya kukufikia. Ada ya kutuma na ile ya kutoa iongeze wewe juu, ili mtu ashike 20,000 kamili mkononi. Waliotuma kutoka Kenya warudishie kwa shilingi ileile waliyotuma wao, usiwapigie hesabu ya siku ya kurudisha. Nakisia wengi watakuambia "kaa nayo, nipe kitabu". Usiipigie hesabu rehema hiyo kabla haijaja.

Umeona nimekuruhusu kuweka tarehe kwenye hela. Kwenye kurasa nakukataza kabisa. Usiwape "tarehe ya kweli". Umeshatoa kumi na moja, na kila moja ulipoiandika uliiamini, najua. Lakini mtazame dereva wako pale Naluwerere siku ya Ijumaa jioni. Ananunua bando. Serikali inachukua asilimia 12 yake tangu 2021, pale ile kodi ya shilingi 200 kwa siku ilipoondolewa. Anafungua kundi, hakuna kitu, anaandika "usijali dada". Amefanya hivyo mara kumi na moja. Ulipokuwa unamfariji kwa tarehe, yeye alikuwa anailipia.

Watu wa kazi yako wamelipitia hili kabla yako. Kuna Mjapani, Yoshihiro Togashi, anayechora Hunter × Hunter tangu 1998. Mgongo umemtesa miaka mingi na hadithi imesimama mara nyingi. Safari moja ilisimama karibu miaka minne, kuanzia mwisho wa 2018 hadi Oktoba 2022. Mei 2022 alifungua akaunti ya Twitter akawa anaweka picha ya kona ya karatasi: mistari michache ya penseli na namba ya ukurasa. Ijumaa fulani hakuitaja. Watu zaidi ya milioni wakawa wanatazama kona za karatasi na kuridhika, kwa sababu waliona kazi inatembea. Na gazeti lake mwishowe likakubali kwamba hadithi hiyo haitatoka tena kila wiki kama zamani. Yule ana mhariri, ana wasaidizi, ana kampuni kubwa nyuma yake. Wewe una ibisPaint na kidole.

Ukurasa kila wiki ulikuwa mwendo wa msichana wa miaka 24 mwenye mkono mzima. Huna tena mkono huo. Chora kurasa sita bila kumwambia mtu yeyote, hata mama, uziweke kwenye droo. Zikifika sita toa moja, na usitoe ya pili mpaka ya saba iingie. Droo isishuke chini ya tano. Kama hiyo maana yake ni ukurasa mmoja kwa mwezi, basi ni wa mwezi. Mtu aliyengoja majibu ya korona Malaba hawezi kufundishwa subira na mimi wala na wewe.

Mkono. Mimi si daktari, lakini ganzi ya gumba, shahada na cha kati, inayokuamsha usiku ukakung'uta, ni dalili inayojulikana sana: neva inayopita katikati ya kifundo cha mkono, pale unapovaa saa, imebanwa. Kidole kidogo hakikufa ganzi, sivyo? Hukukitaja. Kidole kile kinahudumiwa na neva nyingine. Nenda hospitali, Tororo au Mbale, uombe kuonana na mtu wa fiziotherapia, na umweleze unachofanya usiku, si kazi ya ofisini peke yake. Mara nyingi wanaanza na kifaa cha kuushika mkono unyooke ukiwa umelala. Ikiachwa miaka, msuli wa chini ya gumba unasinyaa, na gumba ndilo linaloshika kalamu. Huko kutia rangi kwa kidole kwenye kioo cha simu kuache leo. Hadithi ya foleni ya malori inataka vumbi na kivuli, na hivyo vyote viko kwenye wino wako.

Sasa ile bahasha.

Uliuliza lipi kati ya kicheko, hasira na kilio ndilo lako. Hasira ndiyo iliyonivutia. Hukumkasirikia kwa kuchora vibaya. Ulikasirika kwa sababu amemrudisha dereva na sigara mkononi, na wewe unajua dereva harudi hivyo. Mtu ambaye hadithi imemfia angeipokea karatasi ile kwa shukrani akalala. Wewe uliona kosa. Kwa hiyo swali lako la kuaga au kutoaga sikujibu; jiulize kwanza kama sasa unajua dereva alikwenda wapi. Umeniambia ukurasa wa pili uliuchora ili ujue. Kurasa 216 baadaye hukuniambia kama umejua. Kama unajua, labda zimebaki kurasa ishirini tu, uzichore umalize, uwaache watu waende nyumbani. Kama hujui, basi una kazi ya miaka, na hakuna ubaya.

Kwa sasa mtafute dereva yule. Mwombe ruhusa, umwambie ukweli kuhusu hela kama ni mmoja wa wale 43, kisha uuweke ukurasa wake kundini kama ulivyo, kichwa cha tikiti maji na dilivari inayoonekana kwa nyuma, ila namba ya mzigo na jina la mteja uyafunike. Chini yake andika kwamba huu ni wake, si wako, na kwamba wako unakuja bila tarehe. Wachora hadithi za mtandaoni duniani kote hufanya hivi wakiwa wamesimama: mwenzao au msomaji anachora ukurasa wa mgeni. Utaona. Ukiuweka huo mmoja, watakuja kumi. Taniboi atatokea na miguu mitatu. Atatokea Mnyarwanda, atatokea Mmasai. Waache.

Na ukipata nafasi waambie wasomaji wako, au nawaambia mimi kama wako hapa: "tuko pamoja" ni neno zuri, lakini halimwambii mchoraji kitu. Yule aliyesema kuhusu moto wa paleti na mke wake wa wiki mbili, huyo ndiye aliyeandika. Ujumbe wake ulikuzimisha simu siku tatu kwa sababu ulikukuta nyumbani. Ukiwa na msanii unayempenda na amekwama, mwambie ni ukurasa gani na ulikuwa wapi ulipousoma. "Lini?" usimuulize, anajiuliza mwenyewe.

Mama yako asikuudhi. Amin alikitangaza Kiswahili lugha ya taifa mwaka 1973, na kwa watu wa umri wangu na wake ndiyo lugha tuliyoamrishwa kushuka nayo kwenye basi usiku. Anachokisema amekiona kwa macho. Julai 2022 baraza la mawaziri liliridhia kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni, lakini uamuzi wa baraza hauondoi alichokisikia mtu kwenye kizuizi cha barabarani akiwa na miaka kumi na mitano. Usibishane naye. Siku moja msomee ukurasa ule wa chai.

Limebaki la kitabu, na hapa nina la kusema kwa sababu nilikaa miaka kumi na tisa kwenye chumba cha kupanga kurasa pale Nasser Road, mtaa wa wachapaji Kampala, nikigombana na wateja wenye matumaini kama yako. Hata kama hela ungekuwa nayo yote mwezi ule wa nane, nadhani kitabu kingekukwama. Picha zako za simu, zile za rangi ulizozitia kundini, nakisia upana wake ni pikseli 800 hivi. Kwenye simu zinapendeza. Kuchapisha ukurasa wa A5 vizuri, nukta 300 kwa inchi, unataka pikseli 1748 kwa 2480. Picha ya 800 kwa kipimo hicho haijazi hata sentimita saba. Ukiivuta ifike pembeni, mistari inakuwa sufi. Vijana wa Nasser Road wangekuchapia tu, wangekukabidhi maboksi ya ukungu, na hapo ungekuwa na watu 43 wenye hasira ya kweli.

Lakini una karatasi. Umesema unachora kwenye A4 kwa wino. Kama hukuzitupa, umeokoka. Ziskani upya kutoka kwenye karatasi zenyewe, nukta 300 hata 600, nyeusi na nyeupe, ziteremke hadi A5. Mstari utakaa kama wembe, na bei ya wino mmoja haiwezi kulingana na ya rangi nne. Kurasa 216 usizitie kwenye kitabu kimoja cha pini. Kinavimba na hakifungi. Toa kurasa 48 za kwanza, uziite sehemu ya kwanza. Nimechagua 48 kwa sababu kitabu cha pini lazima kurasa zake zigawike kwa nne, la sivyo utabaki na kurasa tupu mwishoni na mteja atadhani umesahau. Jalada likae peke yake, hapo ndipo utie rangi kama roho inataka.

Usiende Kampala na kazi ile mpaka angalau nusu ya wale 43 wawe wamelipwa au wamekujibu. Ukifika, lipa nusu, uombe nakala moja ya mfano, na usimruhusu mtu akuambie "itakuwa sawa tu, dada". Ishike mwenyewe. Fungua katikati kabisa, ukurasa wa 24 na wa 25, uangalie pini zimepita wapi. Kama zimetoboa uso wa taniboi, rudisha.